Mtoto wa miaka minne hapa Wete, Pemba: TuTu, maandalizi ya serikali au ya kulipia?

Bibi wa Limbani: Mjukuu wangu katimia miaka minne na nyumba nzima imegawika. Mama yake ataka skuli ya kulipia, ya Kiingereza. Babu yake ashikilia chuo cha Kurani kwanza. Mie nasema TuTu, kituo cha mtaani cha watoto wadogo, ipo hatua chache kutoka mlangoni. Maandalizi ya serikali mpaka avushwe barabara. Tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, miaka miwili ya maandalizi imo ndani ya elimu ya lazima, kwa hivyo kumpeleka tutampeleka. Wapi? Nisaidieni, ila msinitajie Kiingereza tu mkaenda zenu.

Mama Pacha: Shikamoo bibi. Wangu niliwaanzia TuTu. Mwalimu hodari, nyimbo anazijua, watoto wampenda. Ulipoingia msimu wa karafuu hatukumwona tena. Alikuwa akijitolea, na kwenye karafuu kuna pesa, nani atamlaumu? Wiki tano wanangu wamekaa nyumbani wakichezea makonyo ya karafuu. Nikawahamishia ya kulipia.

Baba wa Jadida: Na huko ukanunua nini? Mtoto wa jirani yangu anataja rangi zote kwa Kiingereza, lakini viatu mpaka avishwe.

Mama Pacha: Nimenunua mwalimu anayekuja kila siku, kaka yangu.

Mwalimu wa darasa la kwanza: Mie ndiye ninayewapokea wote hao. Darasa la kwanza skuli za serikali tunasomesha kwa Kiswahili, kwa hivyo hizo rangi za Kiingereza zinasubiri. Wiki ya mwanzo natazama nani ashika penseli bila kukunja uso, nani asikiliza hadithi mpaka mwisho, nani aenda chooni peke yake. Hapo wa TuTu hawaniangushi. Vituo vile vilianza na vipindi vya redio, na jina lenyewe ni Tucheze Tujifunze. Wanaonitoa jasho ni wale wa madarasa ya maandalizi yaliyofurika, na mengine ni yetu wenyewe serikalini, msinishitaki. Mwalimu mmoja, watoto sitini: atafanya nini zaidi ya kuwaimbisha a, e, i, o, u?

Mzee wa chuo naye asibishiwe sana. Mradi wa Madrasa, uliofika Zanzibar 1990, uliweka Kurani na michezo chini ya paa moja.

Bibi wa Limbani: Marahaba, Mama Pacha. Umenichoma, maana na wetu hapa hana posho. Nimewahesabu watoto asubuhi hii: ishirini na wawili. Kila nyumba ikitoa elfu mbili kwa wiki msimu ukiingia, mwalimu atakuwa na haja gani ya kupanda mkarafuu?

Baba wa Jadida: Na nani atazunguka kuzikusanya hizo elfu mbili? Wenyewe si watakuwa mashambani?

Bibi wa Limbani: Babu yake. Kutwa yuko barazani.