USHAURI: Kaka ana homa ya ini B, AFP imefika 46. Hii protini ndiyo inakuza uvimbe?

Kitindamimba: Habari za jioni wakuu. Kaka yangu ana homa ya ini B, iligundulika alipoenda kuchangia damu. Juzi kapimwa AFP imetoka 46, na karatasi ya maabara inasema kawaida ni chini ya 10. Daktari kaandika ultrasaundi, hakufafanua sana maana foleni ilikuwa hadi nje. Nimesoma mtandaoni kwamba AFP ni protini ya mtoto aliye tumboni na inachochea seli za saratani. Sasa kuna mzee anauza dawa ya majani, lita moja 80,000, anadai "inashusha AFP". Shemeji keshatanguliza nusu. Je, protini hiyo inakuza uvimbe au ni dalili tu? Tukiishusha tutakuwa tumemsaidia?

Nahodha Mstaafu: Pole mkuu. Ngoja waje wataalamu, nimekaa siti ya mbele.

Darubini: Nipo maabara, nijibu upande wangu. AFP hutengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni. Akizaliwa hushuka, na kufikia mwaka mmoja au miwili inabaki kidogo sana. Mwaka 1963 Garri Abelev, Mrusi, aliikuta kwa panya wenye uvimbe wa ini. Mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa binadamu mwenye saratani ya ini. Ndiyo maana tunaipima. Lakini 46 peke yake haisemi saratani. Ini lenye virusi likiungua na kujijenga upya, seli zake changa huitoa pia. Madaktari hushtuka zaidi ikipita 400, au ikipanda kila kipimo. Na kuna wenye saratani ya ini ambao AFP yao ni ya kawaida kabisa, kwa hiyo ultrasaundi haikwepeki. ALT yake, kile kimeng'enya cha damu kinachoonyesha ini linaumia, ilikuwaje?

Kitindamimba: ALT nayo iko juu, 118.

Darubini: Basi huenda ni virusi vinachoma ini. Aulize kuhusu wingi wa virusi na kama anastahili tenofovir, dawa ya kuzuia virusi hivyo.

Mama Chanja: Nyongeza kwenye swali la kukuza, maana limerukwa. Alichosoma si uongo. Kwenye vyombo vya maabara, seli za saratani ya ini zikiongezewa AFP huzaliana haraka zaidi. Ndani ya seli hujishika na PTEN, ambayo ni breki ya ukuaji, breki ikalegea. Lakini haisukumi kila mahali. Seli za kawaida za kifuko cha yai la nguruwe zilipopewa AFP ya binadamu, kazi yake ilikuwa kukipa nguvu kichocheo kingine cha ukuaji kilichokuwepo tayari. Halafu kuna kipande kifupi cha protini hiyohiyo, amino asidi 34, ambacho kimezuia ukuaji unaochochewa na estrojeni (homoni ya kike), zikiwemo seli za saratani ya matiti. Protini moja, kazi mbili zinazopingana, kutegemea umbo lake na seli iliyokutana nayo. Na mjamzito AFP hupanda mwilini mwake kwa miezi, wala hapati uvimbe kwa sababu hiyo.

Nahodha Mstaafu: Kwa hiyo mzee wa majani anashusha namba?

Mama Chanja: Hata akiishusha, virusi vipo palepale, na kama kuna uvimbe upo palepale. Namba huwa inashuka chanzo kikitibiwa. Tena ini linaloungua ukilipa majani usiyojua kilichomo, ni hatari. Shemeji akadai hela yake.

Darubini: Naunga mkono. Na wewe Kitindamimba, pamoja na ndugu wa mama mmoja, mpimwe homa ya ini B. Asiye nayo achanjwe.

Kitindamimba: Asanteni sana. Nimempigia shemeji, amekasirika lakini amekubali kusubiri. Ultrasaundi ni kesho asubuhi. Anatakiwa awe hajala?

Darubini: Ndiyo, asile tangu usiku, gesi huficha ini na nyongo. Maji kidogo ruksa. Aende na karatasi zote za zamani, hata ile ya kuchangia damu, wakalinganishe.