Makinikia yenye mchanga mweusi na pairiti: boraksi peke yake haitoshi, niongeze nini?

Mwalo_Geita
Wakuu, naomba msaada. Nina makinikia (mchanga mzito wenye dhahabu unaobaki baada ya kuosha) ya mwaloni, miamba ya huku Geita: mchanga mweusi unaonasa kwenye sumaku ni mwingi, na pairiti (madini ya chuma na salfa) ipo ya kutosha. Zebaki sitaki kuigusa. Gramu 200 nilichanganya na boraksi ya unga (dawa ya kuyeyushia) gramu 100, kikombe cha grafiti, tanuri la gesi. Uji ulikuwa mzito kama ulimbo, haukumiminika vizuri, na punje za dhahabu zimebaki ndani ya slagi (uchafu ulioyeyuka na kuganda). Juu ya kitonge kuna tabaka la kijivu linalovunjika kirahisi. Nibadilishe nini? Na magadi ya dukani yanafaa?

FundiTanuri
Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti. Tabaka la kijivu ni salfaidi ya chuma iliyoyeyuka, imetokana na pairiti. Boraksi haiondoi salfa, hata ukimwaga kilo nzima. Ulimbo nao ni chuma kingi kilichokosa dawa ya kukibeba.

Anza na boraksi yenyewe. Ile ya kawaida ina maji karibu asilimia 47, kwa hiyo gramu 100 zako zilikuwa kama 53 tu za dawa. Tena ikipata moto inafura na kurusha vumbi la dhahabu nje ya kikombe. Ichome kwanza kwenye chombo cha chuma hadi iache kutoa povu, kisha itwange.

Pitisha sumaku makinikia yakiwa makavu, mara mbili tatu, *kabla* ya kuyachoma. Ukisubiri baadaye, pairiti iliyoungua nusu nayo inanasa kwenye sumaku na kuondoka na dhahabu yako. Mchanga ulionaswa usiutupe, urudishe kusagwa.

Kisha choma makinikia wazi kwenye sinia la chuma, unene usiozidi sentimita 2, moto wa wekundu hafifu, ukikoroga muda wote hadi harufu ya kiberiti iishe kabisa. Ukiharakisha moto, punje zinashikana na salfa inafungiwa ndani. Simama upande upepo unakotokea. Ukiona moshi mweupe wenye harufu kama kitunguu saumu, hiyo ni aseniki: ondoka hapo, na makinikia hayo usiyachome tena wazi.

Kwa gramu 200 zilizokwisha kuchomwa, anzia hapa: boraksi iliyokaushwa gramu 200, mchanga safi wa silika uliosagwa laini gramu 60, magadi soda gramu 40. Silika ndiyo inayoshika oksidi ya chuma na kuifanya kioo. Boraksi inashusha joto la kuyeyuka. Kama kwenye sinia kumebaki kwatzi (mawe ya silika) nyingi, punguza silika hadi gramu 20 au 30, maana tayari unayo.

Shimo_Refu
Kuchoma ni kazi ndefu. Tia shura (chumvi ya nitrati) tu, inaunguza salfa humohumo kikombeni.

FundiTanuri
Kwa pairiti kidogo, sawa. Kwa makinikia haya, hapana. Kila gramu 1 ya pairiti inadai takriban gramu 2 na nusu za shura. Pairiti gramu 60 ni shura gramu 150: itachemka na kumwagika, dhahabu ikiwa ndani. Na shura inakula grafiti. Anayelazimika kuitumia achukue kikombe cha udongo, aitie kidogokidogo.

Kemia_ya_Madini
Naongeza kuhusu magadi. Ya dukani yana maji, mara nyingi na chumvi pia. Chumvi inatoa moshi unaoweza kubeba fedha iliyomo kwenye dhahabu. Yachome kwanza. Magadi safi gramu 100 hubaki kama 70. Usiyazidishe: magadi mengi yanakula kikombe cha udongo, na kama salfa bado ipo yanaivuta pamoja na fedha kwenye slagi.

Kikombe kisipite theluthi mbili. Tia mchanganyiko kwa awamu, subiri povu litulie. Halafu moto wa nyuzi 1,200 hivi, dakika 15 hadi 20 baada ya uji kutulia, ndipo punje zishuke. Chovya ufito wa chuma mkavu uliopashwa moto: uji udondoke kama asali ya moto. Ukivutika nyuzinyuzi, silika imezidi au moto ni mdogo. Ongeza moto kwanza. Ukiwa na chengachenga kama uji wa mahindi, bado kuna oksidi ya chuma haijayeyuka. Ongeza boraksi gramu 30 na silika 10. Kalibu ya kumiminia iwe na umbo la pia, kavu na ya moto. Kalibu yenye unyevu hulipuka.

Floraspa (madini ya floraidi) inalainisha uji kweli, ila mvuke wake ni sumu na unakula kikombe. Kwa chuma cha namna hii sioni sababu ya kuitia.

Mwalo_Geita
Shukrani sana. Lile tabaka la kijivu nililonalo tayari, nitupe?

FundiTanuri
Usitupe, lina dhahabu na fedha. Litwange laini, lichome kwenye sinia kama makinikia, liingize kwenye mchomo ujao. Slagi nayo itwange, uipitishe kwenye karai. Ukikuta vidonge vya duara, moto haukutosha au ulimimina mapema. Kitu kimoja cha kuhakikisha kabla ya yote: kama makinikia hayo yalipita kwenye mwalo ambao wengine wanatumia zebaki, yapitishe kwenye retoti (chombo kilichofungwa cha kutoa zebaki kwa moto) kwanza, kabla hayajafika kwenye sinia.