Mjadala: Zile dola 7,500 za gari la umeme, nani alizila?

Wadau, Marekani ilifuta nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari mapya ya umeme tarehe 30 Septemba 2025, na wengi wanalia kwamba mnyonge kanyang'anywa. Mimi nasema hela ile haikuwa ya mnunuzi kabisa. Ilipita mkononi mwake tu, ikielekea kiwandani.

Angalieni Tesla, kampuni ya Marekani inayounda magari ya umeme. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka ukomo wa bei: gari dogo lisizidi dola 55,000, SUV (gari kubwa la juu) isizidi 80,000. Gari lao la Model Y la viti vitano likahesabiwa gari dogo. Lilelile likifungwa viti saba, tayari ni SUV! Model Y Long Range ilikuwa inauzwa 65,990, na kabla mwezi haujaisha ikashuka hadi 52,990. Dola 13,000 zimekatwa kwa mkupuo na kampuni haikufa. Februari serikali ikageuza hesabu, viti vitano navyo vikaruhusiwa mpaka 80,000, bei ikaanza kupanda tena. Sasa niambieni, bei ile ilipangwa na gharama za kuunda gari au na kitabu cha kodi?

Sipingi serikali kumshika mkono anayeanza. Mwaka 2010 Wizara ya Nishati iliikopesha Tesla dola milioni 465, zikasaidia kuitoa Model S, na 2013 deni likalipwa lote. Fisker, kampuni nyingine ya magari ya umeme, nao walikopeshwa, wakafilisika mwaka huohuo wa 2013. Ndiyo biashara. Lakini nafuu ya kodi hairudi, na mpaka mwisho wa 2023 ilibidi kodi yako ya mapato ifike 7,500 ndipo uipate yote. Kama kodi yako ilikuwa 2,000, uliondoka na 2,000.

*Mchangiaji:*
Mkuu, umepanga hoja vizuri ila sisi wa chini umeturuka. Niko Minneapolis, hukuhuku Marekani, kazi yangu kubeba abiria. Mwaka 2024 nilinunua gari la umeme la mtumba, Nissan Leaf, bei dola 18,000. Kulikuwa na nafuu ya mpaka dola 4,000 kwa gari lililotumika lisilozidi 25,000, na mwaka huo muuzaji aliikata palepale, husubiri msimu wa kodi. Nikaondoka nayo kwa 14,000. Januari baridi ikishika betri inanywea, basi asubuhi nazima hita nikiwa peke yangu na kuvaa glavu mbili, abiria akipanda nawasha. Lakini kituo cha mafuta nimekisahau. Kiwanda gani kimekula 4,000 yangu?

*Mleta hoja:*
Ya mtumba nakuachia ndugu yangu, hiyo ilimfikia mlengwa. Mimi nabanana na kiwanda. Kampuni ikishazoea kubebwa, haihangaiki na gari la bei ya chini. Ushahidi huu hapa: nafuu imekufa 30 Septemba, na tarehe 7 Oktoba Tesla wakatoa Model Y Standard kwa 39,990. Kumbe iliwezekana siku zote!

*Mchangiaji:*
Iliwezekana vipi mkuu? Piga hesabu. Model Y ya bei ya chini kabla ya hapo ilikuwa 44,990. Toa 7,500, unabaki na 37,490. Hiyo Standard yako imempandia mnunuzi kwa dola 2,500, tena redio ya FM hakuna. Na paa la kioo lipo palepale, wamelifunika kwa ndani usilione! Wameona heri kulificha kuliko kuunda paa jingine. Kama zile 7,500 zilikuwa zao, mbona zilipoondoka pengo tumeliziba sisi?

*Mleta hoja:*
Hapo kwenye paa umenishika, nimecheka peke yangu. Ila hesabu yako inapima wiki moja tu baada ya nafuu kufutwa. Kabla haijakatwa watu waligombania, Tesla wakakabidhi magari zaidi ya 497,000 robo ile ya mwaka, rekodi yao. Mwenye mzigo unaogombaniwa hana haraka ya kushusha bei. Nipe mwaka.

Walioko Ujerumani mnaweza kutuamua. Huko ruzuku ilikatwa ghafla Desemba 2023, na mauzo ya magari ya umeme yakaporomoka mwaka uliofuata. Bei za madukani zilishuka, au mlibeba wenyewe?