Ushauri: nimefungua jukwaa la viziwi mtandaoni, nawapataje wanachama?

MkonoMwepesi (mtoa mada):
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni kiziwi tangu utotoni. Mwenzangu anasikia, ila ni mtoto wa wazazi viziwi, na ndiye fundi wa mambo ya kompyuta. Tumefungua jukwaa la viziwi: mahali pa kuulizana kuhusu kazi, vifaa vya kusikia, wakalimani, mapenzi, hata umbea. Si la kuombea misaada, wala si la watu kuja kutuonea huruma.

Shida ni wanachama. Tumesambaza linki kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanaweka dole gumba, basi. Wachache wanaojiunga wanachungulia na kutoweka. Mada nyingi ni zangu na majibu ni ya mwenzangu, kwa hiyo mgeni akiingia anakuta watu wawili wanajibizana. Hela ya matangazo hatuna. Nawavutaje, na wakija nawashikaje?

JichoKali:
Hongera mkuu. Mimi pia kiziwi. Mgeni akifungua ukurasa wa kwanza anakutana na nini, maandishi au mtu anayeongea kwa alama?

MkonoMwepesi:
Maandishi. Makaribisho, kanuni, halafu fomu ya kujisajili. Video inawezekana, ila unaipandisha kwanza YouTube ndipo unabandika linki.

JichoKali:
Basi nusu ya jibu unalo. Kwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama, maandishi ni lugha ya pili, na wengi hawakufundishwa vizuri. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wengi nyumbani hawakumkuta mtu wa kuongea nao. Shuleni wengine wakalazimishwa kusoma midomo. Mtindo huo ulishika kasi baada ya kongamano la walimu wa viziwi kule Milano mwaka 1880, lililopitisha lugha ya alama iondolewe madarasani. Kauli rasmi ya kujutia uamuzi ule ilikuja kutolewa mwaka 2010, kwenye kongamano la Vancouver. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi hapo.

Matokeo yake, mtu anaweza kuwa hodari na anaendesha biashara yake, lakini ukimwekea aya sita za kanuni anaona umempa karatasi ya mtihani. Halafu anaogopa kuchekwa kwa sababu ya sarufi. WhatsApp inakupiga bao kwa kitufe kimoja tu: anabonyeza, anajirekodi, anatuma. Weka kitufe hicho hicho kwako, mtu arekodi hapo hapo bila kuhama. Makaribisho yawe wewe mwenyewe, kwa alama, chini ya dakika moja. Kanuni nazo vilevile.

Na mwambie fundi wako: intaneti ikiwa dhaifu, apunguze ukubwa wa picha kabla ya kupunguza idadi ya fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde. Picha ndogo tunaielewa. Picha inayoruka-ruka inakula vidole, sentensi nzima inapotea.

FundiWavuti:
Mimi nasikia, nachangia upande wa mitambo tu. Kagueni usajili. Mifumo mingi ya kuthibitisha namba, meseji ikichelewa, inakupigia simu na kukusomea tarakimu kwa sauti. Kwa kiziwi safari imeishia hapo, na nyie mtadhani hakupendezwa. Arifa nazo zisitegemee mlio.

NilizibaUkubwani:
Naomba kupingana kidogo na JichoKali. Mimi nilipoteza usikivu nikiwa mtu mzima, nina kazi na familia. Lugha ya alama naokoteza tu. Mkijaza video tupu bila maandishi chini, sisi mnatufungia mlango. Na tuko wengi: aliyezibwa na uzee, aliyeharibiwa na kelele za kazini, anayesikia nusunusu kwa kifaa. Kwa wanaosikia hatutoshi, na kwa viziwi nako hatutoshi.

JichoKali:
Sikatai. Manukuu yawepo. Ila wenye nyumba wawe wanaotumia alama, maana nyie maandishi mnayapata kila kona ya intaneti na sisi hatuna pengine.

NilizibaUkubwani:
"Wenye nyumba." Haya bwana.

MzeeWaMakundi:
Vijana msianze kugombania sebule kabla ya wageni kufika. Mtoa mada, nimesimamia makundi ya mtandaoni miaka mingi, si ya viziwi, ila tabia za watu ni zile zile. Acha kusambaza linki. Tafuta watu kumi na wawili hivi wanaofahamiana, uwafuate mmoja mmoja, na kila mmoja mpe sababu yake: huyu ni fundi, aulizwe mambo ya ufundi, yule anajua vifaa vya kusikia, awe mtu wa vifaa. Weka saa moja maalumu kwa wiki ya kukutana kwa video, saa isiyobadilika hata wakija wawili. Vyumba ulivyofungua, yaani sehemu za mada, navyo ni vingi mno, bila shaka. Funga, bakiza viwili au vitatu.

Jingine: "viziwi" gani? Wa lugha gani ya alama? Shirikisho la Viziwi Duniani linasema lugha za alama ni zaidi ya 300. Mmarekani na Mwingereza wanasoma gazeti la lugha moja, lakini wakiwa viziwi alama zao hazielewani. Za Marekani zina undugu na za Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi Mfaransa, alishiriki kufungua shule ya viziwi ya Hartford, Marekani, mwaka 1817. Ukisema jukwaa ni la wote, mgeni ataangalia video tatu asizozielewa, ataondoka. Anza na lugha moja.

MkonoMwepesi:
Mzee, hapo kwenye vyumba umenikamata, viko vingi kweli. Lugha tutaanza na moja.

MamaWaPili:
Samahani kuingilia. Nina mtoto kiziwi, mimi nasikia, bado najifunza alama. Sisi wazazi mtatukubali? Daktari alinieleza habari za vifaa, lakini sijampata kiziwi mtu mzima wa kumuuliza maisha yanakuwaje.

JichoKali:
Dada, wewe njoo. Ila chumba chenu kiwe pembeni. Wazazi mkijaa katikati tunageuka washauri wenu wa bure na mambo yetu yanakufa.

SiriYangu:
Nimesoma kimya kimya, acha niseme lililonifukuza mimi kwenye kundi moja la namna hii. Kwenye video sura yako iko wazi. Anayesikia anaandika kwa jina la bandia, anamwaga matatizo ya ndoa yake, hakuna anayemjua. Sisi? Viziwi tunajuana. Tumesoma shule zile zile, tunakutana michezo ile ile. Nikijirekodi nasema nimeachwa, jioni imefika kwa shemeji. Na kulikuwa na mtu anapakua video za wenzake anazirusha nje ili watu wacheke. Wasimamizi walikuwa wanasikia, hawakuelewa hata kilichosemwa kwenye video. Nikajitoa.

JichoKali:
Hili sikuliwaza. Kumbe chumba cha siri ndicho kibaki cha maandishi, kwa majina ya bandia.

SiriYangu:
Ndiyo. Na marufuku kusahihishana Kiswahili humo. Video nazo zisipakuliwe. Najua mtu anaweza kurekodi kioo cha simu, ila akibainika atoke siku hiyo hiyo. Na msimamizi awe kiziwi.

MzeeWaMakundi:
Mtoa mada, huyo hapo juu ndiye msimamizi wako. Mwombe.

MkonoMwepesi:
SiriYangu, nimekutumia ujumbe wa faragha. Wakuu, tunafanya hivi: kitufe cha kurekodi kwanza, kabla ya kuita mtu yeyote. Vyumba vitatu: mazungumzo ya video, chumba cha siri cha maandishi, na cha wazazi pembeni. Uthibitisho wa simu ya sauti tunautoa. Tarehe 23 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, tutaitumia kujitangaza, ila kukutana kwa wiki kunaanza sasa na hao wachache, tusifike siku hiyo na nyumba tupu. Kilichobaki kunisumbua ni manukuu. Mwenzangu peke yake hataweza kuandika ya kila video, na mashine hazijui alama zetu.

NilizibaUkubwani:
Anayerekodi aweke mstari mmoja wa kusema video inahusu nini, hata kwa maneno matatu. Nitakazoelewa nitaziandikia muhtasari chini. Nisizoelewa nitauliza hapo hapo, alama ile ina maana gani.

JichoKali:
Uliza hata kila siku. Nitakujibu kwa video, na wewe ujirekodi ukijaribu, tukuone.

NilizibaUkubwani:
Mtacheka.

JichoKali:
Tutacheka, ndiyo. Linki iko wapi?