Eti faili limefunguliwa na "mimi" kwingine

Mchapaji wa Langoni:
Assalam alaykum. Nina kiduka cha kuchapa hapa Langoni, Lamu. Jana nilikuwa naandika ratiba ya Maulidi kwa LibreOffice, programu ya kuandikia, faili likiwa kwenye flashi, umeme ukakatika. Leo nimeichomeka flashi kwa laptopu, naambiwa waraka umezuiwa usihaririwe, eti nimeufungua mwenyewe kwenye mashine nyingine. Mashine yenyewe imezimika! Dukani niko mimi na punda aliyeziba mlango tu.

Fundi wa Mkomani:
Waalaykum salaam. LibreOffice ikifungua waraka huweka kifaili kilichofichwa kando yake kuonyesha unatumika, jina lake laanza na .~lock. na kuishia na #. Ukifunga waraka vizuri, hufutika chenyewe. Umeme ukikatika ghafla, kinabaki palepale kwenye flashi. Onyesha faili zilizofichwa, ukifute hicho tu. Waraka usiuguse!

Mama Kadi:
Na usikimbilie kufungua nakala, mwanangu. Mie nilifanya hivyo na kadi za harusi, nikasahihisha nakala, nikaenda kuchapa ile ya zamani. Kadi mia mbili, jina la bwana harusi limekosewa. Mpaka leo wakwe hawanisalimii sawasawa.

Fundi wa Mkomani:
Pole, mama. Ila kama ile mashine ingekuwa bado imewaka na waraka umefunguliwa, mchapaji asingekifuta kile kifaili. Angeufunga kule kwanza.

Mchapaji wa Langoni:
Nimekiona, nimekifuta, umefunguka. Aya mbili za mwisho zimepotea, sikuwa nimehifadhi. Naziandika upya.