MJADALA: "Zigeuner", "gitano", "Gypsy": yafutwe yote?

Mleta mada: Mwaka 2020 kampuni ya vyakula ya Knorr walibadili jina la mchuzi wao wa Zigeunersauce ("mchuzi wa Zigeuner") huko Ujerumani, ukawa Paprikasauce Ungarische Art. Walichelewa. Waroma, jamii iliyotawanyika Ulaya, wamebandikwa majina haya na watu wengine. Kongamano lao la kwanza la dunia, karibu na London mwaka 1971, lilichagua jina Roma. Kwa nini Ulaya nzima isifuate?

Mkalimani: Mkuu, unachanganya koo mbili za maneno. Zigeuner la Kijerumani, tsigane la Kifaransa, zingaro la Kiitalia, cigány la Kihungari na țigan la Kiromania hurudishwa na wataalamu wengi kwenye Athinganoi la Kigiriki, madhehebu ya Bizanti (dola ya kale iliyotumia Kigiriki) yaliyosingiziwa uchawi. Wageni waliofika huko wakarithishwa jina hilo. Gitano la Kihispania na Gypsy la Kiingereza yana asili nyingine: Misri. Wenyeji walidhani watu hawa wametoka huko, kumbe ni India. Wasikilize wakihesabu: dui, trin, pandž; Mhindi husema do, tin, panch. Ila saba, nane na tisa (efta, oxto, enja) ni Kigiriki kitupu, alama ya kukaa sana Bizanti.

Na ile hadithi kwamba Zigeuner ni "ziehende Gauner", matapeli wazururaji, ni porojo. Wahungari wana cigány, na humo Gauner hayumo.

Mleta mada: Asili haimfuti mtu machozi. Katika kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz walichanjwa herufi Z mkononi, ya Zigeuner, kisha namba.

Mkalimani: Kwa Kijerumani sibishi hata kidogo: andika Sinti und Roma. Usiandike Roma peke yake, maana Wasinti, tawi lililokaa muda mrefu Ujerumani, wengi wao hawakubali kumezwa.

Bi Kamusi: Na kwa Kiromania pia nakuunga mkono. Țigan lilikuwa sawa na kusema mtumwa, hadi utumwa ulipofutwa Moldavia mwaka 1855 na Wallachia 1856, maeneo yaliyokuja kuunda Romania. Lakini Hispania ukifuta gitano unawafuta wenyewe. Ndivyo wanavyojiita, na mashirika yao hubeba jina hilo. Walicholalamikia ni kamusi ya 2014 ya Real Academia, taasisi ya lugha ya Kihispania, iliyoweka "trapacero", yaani laghai, kama maana mojawapo. Mwaka 2015 ikaongezwa alama kuwa matumizi hayo ni ya kuudhi. Uingereza nako, sensa ya 2011 ilikuwa na kisanduku cha "Gypsy or Irish Traveller" (Gypsy au msafiri wa Ireland). Ile ya 2021 iliongeza cha Roma, na cha kwanza kikabaki.

Mleta mada: Basi mfasiri wetu aandike nini?

Bi Kamusi: Aangalie nchi kwanza. Matini ya Hispania, Wagitano. Ujerumani, Wasinti na Waroma. Na tafadhali, asiandike "Warumi": rom kwa lugha yao ni mwanamume au mume, halihusiani na Roma ya Italia wala na nchi ya Romania.

Mleta mada: Hispania nimekubali. Mchuzi, hapana.

Mkalimani: Mchuzi hata baraza kuu la Wasinti na Waroma wa Ujerumani lilisema si jambo la dharura. Linalowakera zaidi ni neno hilo likiimbwa kama tusi viwanjani.