Bibi yangu kakatwa ruzuku, eti "amehama". Aliyeandika hivyo yupo, hakuna anayemgusa!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Bibi yangu ana miaka 78. Hajatoka kwenye kiwanja chake tangu Operesheni Vijiji ya 1974. Juzi nimemsindikiza kuulizia kwa nini hapati tena hela za kunusuru kaya masikini za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali. Karani kafungua daftari, kashuka na kidole mpaka kwenye jina lake: "Amehama." Bibi mwenyewe kasimama mlangoni na mkongojo, kadi ya mlengwa kaifunga kwenye nailoni isilowe!

Nikafuatilia. Malipo yalipohamia kwenye simu, bibi hakuwa nayo. Mjumbe mmoja wa kamati akasema andikeni namba yangu, mama asihangaike. Dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya malipo, akaleta hela pungufu. La pili akaleta sukari kilo mbili. Baada ya hapo kimya, na uhakiki ulipokuja, bibi akawa amehama.

Mwaka 2016 Serikali iliondoa makumi ya maelfu ya kaya hewa TASAF. Ziondolewe, ni kodi zetu zile. Lakini kaya hewa haijiandikishi yenyewe! Kuna aliyeliandika jina, kuna aliyesaini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 tunayo: kifungu cha 28 ubadhirifu, cha 31 matumizi mabaya ya madaraka. Mbona huku kijijini kwetu adhabu tunayoiona ni moja tu, mlengwa kufutwa jina?

Sheria itamke wazi: anayekatwa apewe barua yenye sababu na siku za kukata rufaa, na hela yake isiguswe mpaka rufaa iamuliwe. Na anayepokea ruzuku ya mtu kwenye laini yake akaila, hiyo ni jinai, ashitakiwe. Isiwe ya kusuluhishwa kwa mtendaji, maana huko ndiko walikotaka kunipeleka, wananiambia "kijana, tuyamalize kifamilia". Familia gani, na bibi analala na uji?

Jumatatu naenda TAKUKURU, kwa wale wa kupambana na rushwa, na kadi ya bibi naibeba. Kama kuna aliyewahi kukatiwa mzee wake hivi akarudishwa kwenye orodha, anieleze: ulianzia kwa mtendaji, au ulikwenda halmashauri moja kwa moja? Na zile za miezi iliyopita, walimlipa?